Mgongo wa Picha: Filamu, Dijitali na Karatasi katika Upigaji Picha wa Lubumbashi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi tu: kinabadilika nini pale upigaji picha unapoacha filamu na kushika dijitali? Katika nchi zenye viwanda vya kamera swali hili limejadiliwa zaidi kama suala la ladha. Wapo wanaodai kwamba filamu ina kina ambacho mashine mpya haiwezi kukitoa. Wapo wanaojibu kwamba dijitali ni nafuu, ni ya haraka, na haimlazimishi mtu kungoja wiki nzima ili ajue kama alifumba macho. Mabishano hayo yana utamu wake, lakini tunaonelea kwamba yamelikwepa jambo kuu. Kwa mkazi wa Lubumbashi, na hasa kwa sisi tulio katika komine ya Annexe, inayouzunguka mji karibu pande zote, aina ya kamera si hoja kubwa. La kuuliza ni kwamba picha ikishapigwa, hatimaye inakaa juu ya kitu gani, na kitu hicho kinakaa kwa nani.

Ili mjadala usielee hewani, tutaushikiza kwenye kazi moja inayojulikana: mfululizo wa picha uitwao Mémoire, ambao Sammy Baloji aliutengeneza kati ya mwaka 2004 na 2006. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akasomea habari na mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kabla ya kushika kamera alikuwa mchoraji wa katuni. Jambo hili la mwisho si dogo, kama tutakavyoona.

Kwanza tuseme neno juu ya msamiati, maana ukurasa huu ni wa lugha kabla ya kuwa wa sanaa. Mtu wa Dar es Salaam aliyepiga picha kwa filamu alikwenda dukani "kusafisha picha", yaani kutoa sura kutoka kwenye filamu na kuihamishia kwenye karatasi. Kitenzi hiki kimebeba ukweli wa kikemia kuliko wengi wanavyodhani. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe hutokana na chumvi za fedha zilizopigwa na mwanga. Dawa ya kwanza huitoa sura, dawa ya pili huondoa chumvi ambayo mwanga haukuigusa, kisha karatasi husafishwa kwa maji yanayopita, kwa muda mrefu. Fundi asiyesafisha vya kutosha huacha mabaki ya dawa ya pili ndani ya karatasi, na baada ya miaka picha hugeuka manjano na kufifia. Kwa hiyo "kusafisha" si tamathali. Ndiyo hatua inayoamua kama mjukuu ataiona sura ya babu. Kwetu Katanga, ambako sauti /g/ mara nyingi hutamkwa /k/, na ndege huitwa "ndeke", mtu huweza kusikika akisema "kupika foto". Msikilizaji kutoka pwani atacheka, lakini aliyewahi kusimama katika chumba cha giza penye mabakuli matatu ya dawa, akipima joto na kuhesabu dakika, ataona kwamba lafudhi imesema kweli bila kukusudia. Kwa dijitali kitenzi "kusafisha" kimebaki bila kazi. Kijana wa leo "anatoa" picha, au "anaprinti", na mara nyingi zaidi hafanyi lolote kati ya hayo.

Turudi kwenye Mémoire. Mwaka 2003 na 2004, kampuni ya Gécamines, mrithi wa Union Minière du Haut-Katanga, iliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia na kuitwa wa "kuondoka kwa hiari". Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 ilikuwa haifikishi hata tani 40,000. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikwisha kueleza, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao, jinsi familia ya mfanyakazi ilivyojengwa juu ya kampuni: nyumba, hospitali, shule, na posho. Baba huyo alipofilisika, watoto hawakupoteza mshahara tu. Walipoteza namna ya kuhesabu siku.

Ni katika hali hiyo Baloji aliingia viwandani na kamera ya dijitali. Alipiga picha za rangi za karakana zilizobaki mifupa, mapaa yaliyotoboka, vyuma vilivyoota kutu, na lile lundo jeusi la mabaki ya madini ambalo pamoja na bomba refu la moshi ndiyo nembo ya mji wetu. Vipande kadhaa aliviunganisha kuwa picha moja, ndefu kwa upana, kama mandhari anayoyaona mtu anapogeuza shingo polepole. Kisha akachukua picha za zamani za kampuni, za enzi ya ukoloni, zilizopigwa kwa filamu na kutunzwa katika nyaraka. Akawakata waliomo, wafanyakazi Waafrika kwa upande mmoja na mabwana wa Kizungu kwa upande mwingine, akawasimamisha mbele ya magofu hayo kwa kutumia kompyuta.

Wahakiki wengi wameusoma mfululizo huu kama kazi ya dijitali, wakasifu wepesi wa programu unaowezesha watu wa enzi mbili kukutana. Usomaji huu hautoshi. Kama lengo lingekuwa kutumia uwezo wote wa kompyuta, msanii angeweza kuwatia rangi wale watu wa kale, akawapa vivuli vinavyoendana na jua la mwaka 2005, akaficha mipaka ya mkato hata mtazamaji asijue. Hakufanya hivyo. Watu wamebaki na kijivu chao cha filamu, na magofu yamebaki na rangi zake za dijitali, kutu nyekundu na anga la buluu. Mtazamaji hadanganywi hata kwa nukta moja. Anaona kwamba huyu mfanyakazi amesimama hapa na pia hayupo hapa. Tofauti kati ya mbinu mbili za kupiga picha, ambayo mafundi huijadili kama suala la ubora, hapa imekuwa ndiyo hoja ya kazi: kijivu ni wakati mmoja, rangi ni wakati mwingine, na kati yao kuna mkato ambao hakuna aliyetaka kuushona. Hapa ndipo mkono wa mchora katuni unapoonekana. Katika katuni mstari unaozunguka mtu haufichwi, ndio unaomfanya asomeke.

Tunasisitiza hili kwa sababu upo usomaji mwingine, wenye nguvu zaidi, unaouona mfululizo huu kama kilio cha kutamani enzi iliyopita. Kitabu alichokiandaa Bogumil Jewsiewicki kwa maonyesho ya New York mwaka 2010 kinaitwa kwa Kiingereza The Beautiful Time, wakati mzuri. Ni kweli kwamba wazee wetu, wakiulizwa, huusifu wakati wa posho isiyokosa mwezi. Lakini tazama walivyosimama watu wa Mémoire. Hawakujipanga kwa ajili ya picha ya familia. Walipangwa, wakatazamwa na jicho la kampuni lililokuwa likihesabu mali yake. Kuwaleta watu hao mbele ya gofu si kusema "tazama tulichopoteza". Ni kuuliza nani alilipa gharama ya kukijenga kitu hicho, na nani analipa gharama ya kuanguka kwake. Sifa ya Baloji ni kwamba kijivu cha filamu hakikugeuka pambo.

Hata hivyo mbinu yenyewe si mpya kama inavyodhaniwa, wala si ya kompyuta peke yake. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza upigaji picha mwenyewe na kufariki mwaka 1993, alikuwa akiunganisha picha kwa mkasi na katika chumba cha giza, akiweka sura za watu pamoja na vitu ambavyo kamera haikuviona pamoja kamwe. Dijitali ilikuwa bado haijafika katika studio za pwani. Kwa hiyo anayesema kwamba filamu ilikuwa ya ukweli na dijitali ni ya uongo hajaingia katika studio ya Kiswahili. Pazia lililochorwa ndege au bahari, koti la kuazima, redio iliyowekwa mezani ili ionekane kuwa ni ya mpigwa picha: yote hayo yalikuwa montaji kabla ya neno lenyewe kufika. Wateja walijua, wala hawakulalamika. Picha haikuwa ushahidi wa mahakamani bali namna ya kujitokeza mbele za watu.

Sasa tufikie kasoro, au tuseme jambo tunaloona limepungua katika Mémoire, na ambalo limepungua zaidi katika desturi nzima ya dijitali. Picha ya karatasi ina mgongo. Nyuma yake huwa na muhuri wa studio, namba ya faili, tarehe, na katika picha za nyumbani maneno ya mkono: kwa nani, kutoka kwa nani, siku gani, na mara nyingi neno "ukumbusho". Johannes Fabian, aliyetafiti michoro ya Tshibumba Kanda Matulu hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi neno hilo lilivyo na uzito katika Kiswahili cha mji huu: halimaanishi tu kumbukumbu iliyomo kichwani, bali kitu kinachomfanya mwingine akumbuke na kufikiri. Kiswahili, kwa njia hii, kimetofautisha kumbukumbu na ukumbusho, tofauti ambayo jina la Kifaransa la mfululizo wa Baloji haliionyeshi waziwazi. Alipowakata watu kutoka picha za kampuni alichukua uso wa picha na kuacha mgongo wake. Hatujui katika kazi hiyo nani aliandika nini nyuma, kama mfanyakazi aliitwa kwa jina au kwa namba. Pengine nyuma hapakuwa na kitu. Hilo nalo lingekuwa la kuonyesha.

Mwandishi wa makala haya anasema hivyo akiwa na hatia ya namna hiyohiyo. Mjomba wangu, aliyefanya kazi ya kampuni, alimwachia mama yangu picha moja ndogo, yeye amevaa suti na ameshika kofia, ambayo nyuma yake aliandika mistari mitatu kwa kalamu ya wino. Simu zenye kamera nzuri zilipofika nyumbani niliipiga ile picha, nikafurahi kwamba sasa imehifadhika, kisha nikampa binamu yangu karatasi yenyewe aende nayo Kolwezi. Nyumba yao ilivuja mvua. Ninayo sura ya mjomba, safi kuliko ilivyokuwa, na naweza kuikuza hadi nikaona vifungo vya koti. Ile mistari mitatu sinayo. Nakumbuka tu kwamba ya kwanza ilimtaja mama kwa jina la utotoni.

Kuhusu udumu, tusiwe na unafiki. Wapenzi wa filamu husema kwamba negativu hudumu karne. Baadhi hudumu. Filamu za mwanzo za nitrati huoza na huweza kuwaka moto. Za asetati, katika joto na unyevu kama wetu wa miezi ya masika, huanza kutoa harufu ya siki na kujikunja. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zilizomo katika albamu zetu zimegeuka nyekundu, kwa kuwa rangi ya buluu-kijani iliyotumika wakati ule ilififia kabla ya nyingine, hata picha ilipofungiwa gizani. Kwa upande mwingine, picha ya dijitali iliyochapwa kwa wino wa rangi asilia kwenye karatasi isiyo na asidi huweza kuizidi umri picha ya maabara. Lakini wino huo ni ghali, na katriji zinazojazwa upya kando ya barabara zina wino wa aina nyingine kabisa: ukutani penye jua, harusi ya mwaka jana imekwisha kupauka. Kwa hiyo kulinganisha filamu na dijitali kwa jumla ni kazi bure. Linganisha karatasi na karatasi, wino na wino, na uliza nyumba ina paa gani.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Filamu ilimlazimisha kila mtu, tajiri na maskini, kufika kwenye kitu cha kushika. Bila karatasi hapakuwa na picha. Studio nayo ililazimika kubaki na negativu, hata bila kupenda, na hivyo bila sheria wala mpango ikawa nyaraka za mtaa. Dijitali imeondoa ulazima huo. Studio moja tusiyoitaja, iliyopiga picha za ubatizo, ndoa na vitambulisho kwa miongo kadhaa, ilipohamia kompyuta ilitoa masanduku ya negativu nje ili kupata nafasi ya mashine ya fotokopi. Hakuna aliyelalamika siku ile. Mwandishi alizipata chache zikiwa mikononi mwa watoto, wakilitazama jua kupitia kwenye nyuso za majirani zao.

Kampuni ya Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975 na ambayo iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2012, hutajwa mara kwa mara katika mijadala hii kana kwamba ni tanzia ya teknolojia. Kwetu tanzia hiyo ina upande mwingine usiotajwa. Kamera ya dijitali na simu haziendi bila betri, na betri nyingi za aina hiyo zina kobalti, madini ambayo zaidi ya theluthi mbili ya yanayochimbwa duniani hutoka Kongo, sehemu kubwa Lualaba na Haut-Katanga. Wachimbaji wadogo wa Kolwezi, ambao Baloji alikwenda kuwapiga picha baada ya Mémoire, huchimba kile kinachoiwezesha kamera kuwapiga. Sijui mfano mwingine wa sanaa ambapo kifaa na mada vimetoka shimo moja namna hii, na nashangaa kwamba wahakiki wa Ulaya, walioandika mengi juu ya kazi hizo, huupita kwa haraka.

Ni lazima pia kutaja kwamba matoleo ya Mémoire, yale makubwa yaliyochapwa kwenye karatasi ya kudumu, yameonekana na wageni wengi kuliko wenyeji. Yameonyeshwa Bamako, ambako Baloji alipata tuzo mwaka 2007, na katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mkazi wa Annexe anayaona, kama anayaona, katika kioo cha simu, kwa ukubwa wa kiganja. Hapa umbo lina maana. Picha iliyoundwa ili mtu ageuze shingo kutoka bomba moja hadi jingine, ikisongwa katika kioo cha simu, inakuwa mstari mwembamba, na wale watu wa kijivu wanakuwa vidoa. Msanii halaumiwi kwa hilo. Yeye mwenyewe, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao, walianzisha mwaka 2008 chama kilichoitwa Picha, kwa Kiswahili, na maonyesho ya kimataifa yanayofanyika hapahapa Lubumbashi. Jina hilo lilichaguliwa vizuri. Linasomeka na mtu wa Ruashi na mtu wa Mombasa bila mkalimani.

Katika kizazi kilichofuata, Georges Senga amekwenda karibu zaidi na tunachokitafuta. Mfululizo wake wa mwaka 2012, Une vie après la mort, unaweka picha za kale za Patrice Lumumba kando ya picha za mwalimu mzee anayefanana naye na aliyejitengeneza kwa mfano wake, kwa nywele, kwa miwani, kwa namna ya kukaa. Hakuna mkato. Picha mbili zinakaa bega kwa bega, kama katika albamu. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, porini, si mbali na mji huu, na mwili ukaangamizwa kwa makusudi. Tshibumba alilazimika kuuchora mwisho huo kwa rangi. Senga hakuuchora wala hakuuigiza, alitafuta mahali ambapo sura ile imeendelea kuishi bila ruhusa ya waliomuua. Hapo suala la filamu au dijitali linakuwa dogo. Picha za kale za Lumumba zilipona kwa sababu zilichapwa, zikasambazwa, zikabandikwa kutani. Mwalimu yule alijifunza kufanana naye kutokana na karatasi.

Kwa wanafunzi wetu wanaokusanya historia simulizi katika mitaa ya Annexe, tunapendekeza desturi tofauti na ile iliyozoeleka ya kupiga albamu kwa simu na kuondoka. Kila picha ipigwe mara mbili, uso na mgongo, hata mgongo ukiwa mtupu. Maneno yaliyoandikwa nyuma yanukuliwe kwa tahajia ileile, "ndeke" ibaki "ndeke", maana huo ni Kiswahili cha mji kilichoandikwa na wenyewe bila mwalimu kuwasimamia, na hatuna mwingi. Mwenye nyumba aulizwe picha ilipigwa studio gani na kama studio ingalipo. Karatasi yenyewe isiondolewe nyumbani kwa sababu yoyote. Na kabla kazi haijapewa alama, nakala moja ichapwe na irudishwe mlangoni ilikotoka. Tumekwisha kuambiwa kwamba fungu la kuchapa halipo, na kwamba faili linatosha. Muhula huu tumeanza na nyumba sita, kwa wino wetu wenyewe.